Sahani ya Mke Mkubwa

Jumapili, 25 Januari

Nimeanza daftari jipya, kwa sababu lile la zamani limejaa mambo ya mwaka mwema. Naandika Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichofundishwa kuandikia shuleni Masalani. Kisomali nakisema na nakiota, lakini mkono wangu haukijui.

Hali ya nyumba ni hii. Ramlo, mke mkubwa, ana saratani ya titi la kushoto. Ameshapata dozi mbili za kemo kati ya sita. Uvimbe ukipungua atafanyiwa upasuaji. Mimi, Ilwad, ni mke mdogo. Napika, namsindikiza hospitali hapa Garissa, na kwa kuwa Kiswahili chake ni cha sokoni tu, mimi ndiye ninayemtafsiria kwa daktari. Mume wetu, Mahat, husafirisha mbuzi na ng'ombe kwa pikapu kati ya hapa na Wajir. Wiki nyingi tunamsikia kwa simu. Hamdi, binti wa Ramlo, ameahirisha masomo yake ya chuo Nairobi ili awe na mama yake. Hamdi hanipendi. Sijamuuliza sababu, maana naijua.

Kiangazi kimekaza. Vumbi linaingia hadi ndani ya kopo la sukari lenye kifuniko.

Jumanne, 3 Februari

Dozi ya tatu. Muuguzi Galgallo, Mborana mwenye sauti ya taratibu, alimpandisha Ramlo kwenye mizani, akatazama, akamshusha, akampandisha tena kama mtu anayedhani mizani inamtania. Amepungua sana tangu mara iliyopita. Daktari ni mwanamke wa makamo ambaye huzungumza akimtazama Ramlo usoni, ingawa anajua hasikii lugha. Aliuliza kama anakula.

"Mwambie nakula," Ramlo akaniambia.

"Anasema anakula."

"Kiasi gani?"

"Mwambie kama watu."

"Anasema kama watu wengine."

Daktari alisema damu bado inaruhusu, dawa ataipata. Kisha akasema maneno niliyoyabeba hadi nyumbani: "Dawa hii inaupiga uvimbe na inampiga yeye pia. Kinachomsimamisha ni chakula. Damu yake ikishuka nitalazimika kuacha, na uvimbe hautatusubiri."

Nilitafsiri yote. Ramlo aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayetajiwa bei ya kitu asichokusudia kununua.

Ijumaa, 6 Februari

Ametapika siku mbili. Leo nimemkaangia maini kwa kitunguu. Sahani imerudi safi. Nimefurahi kuliko nilivyotazamia.

Jumatatu, 9 Februari

Joto. Anjera, mkate wetu mwembamba, na samli. Sahani imerudi safi. Lakini nguo inamning'inia mabegani kama imetundikwa msumarini.

Jumatano, 11 Februari

Dubow, mzee wa mkokoteni wa punda anayetuletea maji, alishusha madumu yake, akabaki amesimama.

"Mama," akasema, "yale maini ya Ijumaa, Mungu akuongezee. Na ile anjera. Tangu mke wangu afariki sijala chakula cha namna hiyo."

Nikamuuliza maini gani. Akagundua amekanyaga pasipokanyagwa, akageuka na kuanza kumsemesha punda.

Nilimwendea Ramlo. Alikuwa amekaa kitandani, shali limefunika kichwa kisicho na nywele.

"Abaayo," nikamwambia, ndivyo ninavyomwita siku zote, dada. "Chakula changu kina kasoro gani?"

"Hakina."

"Mbona anakula Dubow?"

"Dubow ana njaa."

"Na wewe?"

"Mimi nina madaktari wawili. Mmoja yuko hospitali, mmoja yuko humu ndani." Akaelekeza kidevu chumba cha Hamdi. "Wa hospitali hanitengenezei chai."

Alhamisi, 12 Februari

Hamdi hakukana. Aliweka simu yake mezani, kana kwamba ndiyo itakayosema.

"Anakula mara moja kwa siku, jioni," akasema. "Na siku za kabla ya kemo anakunywa maji tu. Seli za saratani haziwezi kuvumilia njaa, seli nzima zinaweza. Kuna utafiti. Nimesoma."

"Basi mwambie daktari."

"Daktari ana foleni mpaka getini. Atamwambia ale matunda na apumzike." Akanitazama. "Wewe unampelekea samli na sukari kila saa. Unamlisha nani, Ilwad? Mama yangu au uvimbe?"

Nimekaa na swali hilo hadi sasa. Hamdi si mjinga. Aliyoyasoma ameyasoma kwa Kiingereza kirefu kuliko changu. Lakini mimi ndiye ninayemfunga Ramlo vifungo vya nguo mgongoni, na jana niligusa mbavu moja baada ya nyingine kama vijiti vya uzio.

Ningeweza kumwambia daktari. Lakini siku naolewa, mama alinishika mkono akaniambia jambo moja tu kuhusu nyumba ya wake wawili: mke mdogo hatoi siri ya mke mkubwa nje ya ua. Hata ikimuunguza kiganjani, afunge kiganja.

Jumamosi, 14 Februari

Jirani yetu Lul alikuja kuomba kiberiti, akakaa hadi mchana.

"Watu wana macho, Ilwad," akasema. "Wanasema mke mdogo anapika, mke mkubwa anakonda."

"Waambie waje wapike wao."

"Mimi sijasema. Wamesema watu."

"Watu gani?"

"Watu," akasema Lul, akachukua kiberiti chote.

Alhamisi, 19 Februari

Ramadhani imeingia kwetu leo. Nyumba nyingine zilianza jana. Mji mzima umefunga mdomo. Mahat amepiga simu kutoka Wajir, akamwambia Ramlo kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula, hata sheikh amethibitisha. "Sawa," akajibu Ramlo. Mahat akaniambia na mimi: "Mpe nyama." Kwa Mahat hakuna ugonjwa usiosikia nyama.

Nimemwekea chakula cha mchana chumbani, kimefunikwa kwa kawa, ili watoto wa majirani wasikione. Alasiri sahani ilikuwa tupu. Dubow amefunga, sasa amepona majaribu. Lakini mbuzi wetu wa nyuma ya nyumba ana samli kwenye ndevu.

Jumamosi, 21 Februari

Mbuzi ananenepa.

Jumanne, 24 Februari

Nitaandika yote jinsi yalivyokuwa, maana kesho kila mtu atakuwa na lake.

Tulikwenda watatu, Hamdi alitaka kuja. Galgallo alitoa damu, tukasubiri kwenye benchi. Ramlo aliegemea ukuta akafumba macho. Nilidhani anasoma uradi. Kumbe amelala, mchana ule, katikati ya kelele zile.

Daktari aliweka majibu mezani, akayageuza yatuelekee, ingawa yeye tu ndiye aliyeweza kuyasoma. Chembe za damu zinazopigana na maradhi zimeshuka mno. Uzito umeshuka tena.

"Leo simpi dawa," akasema. "Nikimpa, homa ndogo tu inaweza kumuua. Kuna kitu sikielewi. Dozi hii watu wa umbo lake huibeba. Muulize anakula nini."

Nikamuuliza.

Ramlo alijiweka sawa. "Mwambie nakula. Mwambie hata Ramadhani hii sifungi, sheikh ameniruhusu."

Maneno yake yalikuwa tayari mdomoni mwangu. Kazi ya mtafsiri ni nyepesi: neno linaingia hapa, linatokea pale, na dhambi si yake. Nilimwona Hamdi akiniangalia. Nilikumbuka kiganja cha mama. Kisha nikaitazama ile karatasi, nikafikiri kwamba nikikifunga kiganja leo, keshokutwa nitakifungua kumwosha maiti.

"Yeye anasema anakula," nikasema. "Mimi ninayempikia nasema hali."

Hamdi alielewa kwanza. Ramlo alielewa kwa kuusoma uso wa Hamdi. Akavuta shali lake mbele, likamfunika macho.

Daktari hakufoka. Aliuliza tu nani amemfundisha kukaa na njaa. Nilidhani Hamdi atanyamaza. Alisimama.

"Mimi," akasema. "Nimesoma kwamba kufunga kunadhoofisha saratani na kupunguza madhara ya kemo. Sikubuni."

"Hukubuni. Utafiti huo upo," daktari akamjibu. "Unafanywa kwa wagonjwa waliochaguliwa, wenye mwili wa kutosha, wanaopimwa kila hatua. Na jibu bado halijakamilika. Lakini hata wanaoufanya wasingemfungisha mtu anayekonda kama mama yako. Ungeniuliza ningekuambia."

"Ungenisikiliza?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Leo nakusikiliza," akasema. "Rudini baada ya wiki mbili. Damu ikipanda na uzito ukisimama, tunaendelea. Isipopanda itabidi nibadilishe njia, na mbele yangu sioni njia nyingi."

Bajaji ilikuwa imefika kwenye lami iliyobanduka.

"Umemwaibisha mama yangu mbele ya wageni," akasema Hamdi.

"Mama yako anakufa mbele ya wenyeji."

Sikupaswa kusema hivyo. Ramlo alikuwa kati yetu, amekaa wima kama dumu.

Tulipofika aliwasha jiko lake mwenyewe nje ya chumba chake. "Kuanzia leo nitajipikia," akasema, si kwangu, bali kwa jiko. Liliwaka, likazimika. Hakukuwa na sufuria juu yake.

Jumatano, 25 Februari

Hakula kwa mkono wangu. Hakula kwa mkono wa mtu. Futari alionja tende moja na maji, akasema ameshiba.

Ijumaa, 27 Februari

Nilimsikia Hamdi akimwambia mama yake: "Daktari mwenyewe amekiri utafiti upo." Ramlo akamjibu: "Nilisikia, mwanangu." Alisikiaje, naye hajui lugha?

Upepo wa moto tangu asubuhi. Nimevunja bilauri mbili.

Jumapili, 1 Machi

Alianguka bafuni alasiri. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama kindoo kimeanguka. Niliupiga mlango kwa bega. Alikuwa hai, macho wazi, midomo imekauka na kupasuka.

Nilimbeba mimi. Mwanamke aliyekuwa akinizidi umbo, aliyewahi kunisukuma kwa nyonga moja nikatoka jikoni, nilimbeba kama mzigo wa nguo zilizofuliwa. Hamdi alikimbia mbele kusimamisha bajaji, bila viatu.

Hospitali walimwekea dripu. Galgallo alisema hana homa, tumshukuru Mungu. Amekauka tu na ana njaa. Alilitamka neno njaa polepole, kwa kila mtu aliyekuwepo. Hamdi akaenda kutafuta shuka nyumbani.

Tulipobaki wawili, Ramlo aligeuza uso.

"Hukai kimya wewe," akasema.

"Sikai."

"Nilipokuwa mke mdogo wa mama mkwe wangu, maana ndivyo alivyonifanya, nilikaa kimya miaka mingi. Sikupata kitu." Akapumzika. "Unadhani nafunga kwa ajili ya hiyo simu?"

"Kwa ajili ya nini basi?"

"Hamdi alipokuja Januari alikuwa akilia chooni kila asubuhi, anafungulia maji akidhani sisikii. Siku aliyoniletea habari ya kukaa na njaa, aliacha kulia. Alipata kazi. Ananihesabia saa, ananipimia maji, ananisomea. Mtoto huyu hana kingine cha kunipa, Ilwad. Nikila, namrudishia zawadi yake mkononi."

Nikamlowesha midomo kwa pamba.

"Na mwezi huu ndio kabisa," akaendelea. "Nyinyi nyote mmefunga, nyumba kimya, mimi peke yangu chumbani natafuna kama mbuzi. Nimejaribu. Wallahi nimejaribu. Tonge halishuki. Mtu hali peke yake."

Mahat alipiga simu kutoka njiani. Alisikiliza yote, kisha akauliza kama kuna nyama.

Jumanne, 3 Machi

Wamemruhusu kurudi nyumbani. Wiki moja imebaki kabla ya kupimwa damu.

Nimemwambia Hamdi. Alikuwa anaanua nguo, na mimi nikasimama upande wa pili wa kamba ili shuka litukinge.

"Mama yako hafungi kwa ajili ya saratani," nikasema. "Anafunga kwa ajili yako. Anaona ukipewa kazi hulii."

Mikono yake ilisimama.

"Muongo," akasema.

"Basi kamuulize."

"Anakuambia wewe mambo ambayo haniambii mimi?"

"Mimi si mtoto wake. Hana cha kunikinga nacho."

Alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. Aliondoka akiacha vibanio vyote kwenye kamba. Hii ni siri ya pili ninayoitoa. Mama angeshangaa ilivyo rahisi ukishazoea.

Jumatano, 4 Machi

Leo siku zangu zimeingia, sina funga.

Katika nyumba zetu jambo hili halitajwi. Kila mwanamke ana pahali pake. Unakula umesimama, haraka, unapangusa mdomo, kisha unatoka na uso mzito kama aliyefunga, na ukiulizwa unasema Ramadhani ngumu mwaka huu. Wanaume wanajua, lakini wanajifanya hawajui, nasi tunajifanya hatujui kwamba wanajua. Mimi hula nyuma ya gunia la makaa.

Nilisimama pale na kipande cha anjera mkononi. Nikafikiri, mbona nakula peke yangu wakati chumba cha pili kuna mtu ameshindwa kula peke yake?

Nikapakua sahani moja kubwa: anjera, mchuzi wa mbuzi, maini. Nikachukua jagi la maziwa ya ngamia na vikombe viwili, nikaingia kwa Ramlo na kufunga mlango.

"Sikukuita," akasema.

"Sikuja kukulisha. Nimekuja kula." Nikaketi mkekani. "Leo sina funga."

Alinitazama muda. Kisha mdomo wake ukacheza upande mmoja.

"Na huwa unakula wapi?"

"Nyuma ya gunia la makaa."

Alicheka. Sikumbuki nilimsikia lini mara ya mwisho. Kicheko kilimchosha ikabidi ashike godoro. "Ndiyo maana pua yako huwa nyeusi. Nilidhani ni kazi nyingi." Akajifuta macho. "Mimi nilikuwa nakula ndani ya kabati. Mwaka mmoja Mahat aliingia kutafuta kikoi, akasikia ninavyotafuna sambusa. Akauliza ni nini. Nikamwambia panya."

"Akaamini?"

"Alileta paka."

Nilikata anjera nikala, sikumtazama. Nilikula kama mwenye njaa, na kweli nilikuwa nayo. Baada ya muda mkono wake ulitoka ndani ya shali. Vidole vyote vilikuwa na kucha nyeusi kwa sababu ya dawa. Akamega kipande kidogo, akachovya, akakiweka mdomoni, akakishikilia hapo kama kitu cha kuamuliwa. Kikashuka.

"Hakina chumvi," akasema.

"Kina chumvi. Ulimi wako ndio umekwenda safari."

Akamega kingine. Alipofika kwenye maziwa alikunja uso. "Haya umeyaua."

"Galgallo kasema damu ikiwa chini maziwa yachemshwe."

"Galgallo ni Mborana, anajua ng'ombe. Maziwa ya ngamia hayachemshwi."

Lakini aliyanywa, akilalamika hadi tone la mwisho. Hatukumaliza sahani. Nusu yake tulimaliza.

Alhamisi, 5 Machi

Tumekula tena, mchana na alasiri. Mdomo wake una vidonda; nimelainisha anjera kwa mchuzi.

Ijumaa, 6 Machi

Lul anasema tumesikika tukicheka mchana wa Ramadhani. Nikamwambia watu wana masikio pia.

Jumamosi, 7 Machi

Hamdi alifungua mlango bila kubisha. Tulikuwa na sahani katikati, mikono yote miwili ndani yake. Ramlo aliacha kutafuna, tonge limemvimba shavuni kama mtoto aliyefumaniwa. Niliona jinsi alivyotaka kulitema. Hamdi aliona pia, nina hakika, maana uso wake ulibadilika rangi. Alifunga mlango taratibu.

Ramlo hakula zaidi siku ile.

"Umeona?" akaniambia.

Nimeona. Lakini sasa sijui kama nilichokiona kwa Hamdi ni hasira.

Jumapili, 8 Machi

Amekula kidogo, akisikiliza nyayo za nje. Siku zangu zimekwisha. Leo jioni nitaoga, kesho nafunga.

Nimejaribiwa. Ningeweza kunyamaza tu, nikale naye kesho na keshokutwa, kisha nikazilipa siku hizo baada ya Idi. Nani angejua? Nimejijibu mwenyewe: angejua yule ninayemfungia. Sijawahi kuipenda funga yangu kidogo kama leo.

Jumatatu, 9 Machi

Nilimpelekea chakula adhuhuri. Nikakiweka mbele yake, nikaketi mkono ukiwa pajani.

"Umeoga," akasema.

"Nimeoga."

"Basi ondoa. Tumefunga sote."

"Abaayo, kesho wanapima damu."

"Najua kesho ni nini."

Nilimbembeleza. Nilimtajia daktari, Mahat, sheikh. Nikamuuliza anasubiri nini, na yeye akageukia ukuta. Nilikuwa nimeshika anjera, nimeikata vipande vidogo kama vya mtoto, na midomo yangu mwenyewe imekauka kwa kiu, na nilihisi kumchukia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mlango ulifunguliwa. Hamdi aliingia na sinia: wali, supu ya mbuzi, chai ya maziwa kwenye birika. Hakufunga mlango nyuma yake. Aliuacha wazi kabisa, jua likaingia hadi kitandani.

"Eddo, toka," akaniambia. "Mwenye funga hakai kuwatazama wanaokula."

Eddo ni shangazi. Ndivyo mtoto mwenye adabu anavyomwita mke mwingine wa baba yake. Tangu niolewe Hamdi ameniita jina langu tu.

Ramlo aligeuka kutoka ukutani. "Na wewe?" akamuuliza binti yake.

"Leo ni zamu yangu," akasema Hamdi. Masikio yake yalikuwa mekundu. Akaketi mkekani nilipokuwa nimeketi, akamimina chai vikombe viwili, akasukuma kimoja kwa mama yake. "Nimetia sukari, hooyo."

Ramlo alikitazama kikombe. Akamtazama Hamdi. "Umetia kiasi gani?"

"Kama ya watu."

Nilitoka. Nilikaa kwenye kizingiti cha jiko, mgongo kwao. Kisha nikasikia kijiko kikigonga bakuli, kikagonga tena, na Hamdi akilia, safari hii bila kufungulia maji, na Ramlo akimwambia kwa mdomo uliojaa, "Lia, lakini ule. Supu inapoa."

Jumanne, 10 Machi

Tumekwenda watatu. Mawingu yamejikusanya upande wa Mto Tana, lakini hayajaamua.

Galgallo alimpandisha kwenye mizani, akamshusha. Hakumpandisha mara ya pili. "Imesimama," akasema. Damu tuliisubiri kwenye benchi. Ramlo hakulala. Alimtaka Hamdi ampe tende, akala moja palepale mbele ya foleni ya watu waliofunga, kokwa akaitia mfukoni. Bibi mmoja akamkazia macho. Ramlo akamkazia na yeye.

Chembe zimepanda. Si mahali pa kujivunia, daktari alisema, lakini zimepita mstari. Dozi ya nne ataipata leo.

Kisha akaniuliza mimi, kama kawaida: "Anakula?"

Nilifungua mdomo kumgeukia Ramlo. Aliniwekea mkono gotini, akamtazama daktari machoni, akatafuta maneno ya Kiswahili chake cha sokoni.

"Mimi nakula," akasema. "Nakula bamoja na watoto."

Daktari alingoja, akinitazama, kuona kama nina la kuongeza.

Sikuwa nalo.